Mtumishi Asiyeulizwa

Kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa kanisani, kikao kimekwisha. Hata kama mlikuwa mnazungumzia bei ya mabati. Mtu anashusha sauti, anatikisa kichwa kwa huzuni takatifu, halafu anasema: "Wapendwa, tusimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Basi. Aliyekuwa anauliza anajiona mwasi, mweka hazina anafunga daftari, anatafutwa mtu wa sala ya kufunga, na swali linamezwa pamoja na soda ya kikao.

Mimi naamini sentensi hiyo imetuharibia makanisa kuliko pombe, kuliko uzinzi, na kuliko huyo shetani tunayembebesha kila lawama. Leo nataka tuibane.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na imani ya mtu. Naishi Keko, na kwa msomaji usiyeifahamu, Keko iko wilayani Temeke na inajulikana kwa vitu viwili: makochi na gereza. Mimi ningeongeza cha tatu, spika. Jumapili asubuhi, kati ya Keko Magurumbasi na Keko Machungwa, mtu anaweza kusikiliza mahubiri manne bila kuinuka kwenye kiti chake. Makanisa haya yanazika watu wetu, yanalea vijana ambao wangekuwa vijiweni, yanampa mama anayeuza vitumbua mahali pa kuitwa "mama mzee wa kanisa" na kuheshimiwa. Ndiyo maana naandika. Kitu usichokijali hukipigii kelele.

Hoja yangu ni moja na ni nyepesi. Afya ya kanisa haipimwi kwa ukubwa wa kwaya, wala kwa idadi ya miujiza, wala kwa bei ya gari la mchungaji. Inapimwa hivi: muumini wa kawaida akiuliza swali gumu leo, Jumapili ijayo bado ana nafasi yake kwenye kwaya? Kama jibu ni ndiyo, hapo pana kanisa. Kama jibu ni hapana, hapo pana mtu mmoja na wasikilizaji wake.

Namfahamu dada mmoja, msomi wa uhasibu, aliyekuwa kwenye kamati ya vijana ya kanisa moja ambalo sitalitaja. Kanisa lilikuwa linachangisha ujenzi kwa mwaka wa tatu. Bahasha zilikuwa hazikauki: bahasha ya nondo, bahasha ya saruji, bahasha ya mwezi wa kuvuka. Uwanjani ulikuwepo msingi ule ule, na nyasi zilikuwa zimeshaupita urefu. Dada akauliza kwenye kikao, kwa adabu zote, tena alianza kwa pongezi: jamani, tunaweza kupata taarifa ya mapato na matumizi? Hakujibiwa siku ile. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mahubiri ya moto kuhusu Kora na wenzake, wale waliomezwa na ardhi kwa kumpinga Musa. Hakutajwa mtu jina. Hakukuwa na haja. Wiki mbili baadaye dada akaambiwa "apumzike kidogo kwenye huduma", na watu waliokuwa wakimkumbatia wakaanza kumsalimia huku wanatembea.

Angalia jambo moja hapo. Hakuna aliyesema fedha zimeibwa. Inawezekana haikuibwa hata senti. Inawezekana risiti zote zimo kabatini, zimepangwa vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: kanisa lilikuwa radhi kumpoteza mhasibu wa bure kuliko kufungua kabati.

Sasa tuuangalie huo mstari wenyewe, maana wengi wetu tunausikia tu, hatuufungui. Zaburi ya 105 inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Yaani ni neno la kumlinda mnyonge asiye na kwao dhidi ya mwenye nguvu. Sisi tumeligeuza, sasa linamlinda mwenye kipaza sauti dhidi ya mjane mwenye bahasha. Kama huo si ubunifu, sijui ubunifu ni nini.

Wapo watakaonikimbizia habari ya Daudi na Sauli. Sawa, twende huko. Ni kweli Daudi alikataa kumwua Sauli pangoni. Lakini soma mistari michache mbele. Daudi alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti, akamwuliza kwa nini anamwinda mtu asiye na hatia, na mkononi ameshika kipande cha vazi la mfalme kama ushahidi. Kutomwua mtu na kutomwuliza ni mambo mawili tofauti kabisa. Na Daudi mwenyewe alipokuja kuwa mfalme na kumchukua mke wa Uria, nabii Nathani alimfuata ikulu akamsomea kosa lake. Paulo alimkabili Petro kule Antiokia mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia Paulo apumzike kidogo kwenye huduma.

Halafu kuna kisa ambacho nashangaa wahubiri wetu wanakipita haraka. Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa bado changa kabisa, na lalamiko linazuka: wajane wa Wayahudi wanaosema Kigiriki wanasahaulika kwenye mgawo wa kila siku. Ni lalamiko kuhusu chakula, kuhusu mgawo, na kuhusu upendeleo wa kabila. Kwa utamaduni wa makanisa yetu, mitume wangefanya mfungo wa siku tatu dhidi ya roho ya manung'uniko. Wao walifanya nini? Waliita mkutano wa wote, wakakubali kwamba kazi imewazidi, wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema, kisha wakakabidhi mgawo kwa hao saba. Na ukiyaangalia majina ya wale saba, yote ni ya Kigiriki. Waliokuwa wanalalamika ndio waliopewa ghala.

Huo, ndugu zangu, ndio utamaduni wenye afya wa kanisa, na una umri wa karibu miaka elfu mbili. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba uwazi ni mambo ya wazungu na NGO.

Kuna atakayesema nakuza mambo, kwamba bahasha za saruji haziui mtu. Naomba tuende polepole kidogo, kwa sababu tabia ya kutouliza haibaki kwenye bahasha.

Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, Moshi. Jioni, mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa unafikia kilele, watu wanaelekezwa kupita wakanyage mafuta ya upako. Umati ukasukumana kuelekea sehemu moja. Watu 20 walikufa, wakiwamo watoto. Hawakufa kwa ugonjwa waliokuja kuombewa. Walikufa kwa kukanyagwa na wapendwa wenzao. Polisi walimkamata mhubiri kwa mahojiano, taifa likalia, viongozi wakatuma salamu za rambirambi, na baada ya muda mafuta yakaendelea.

Mimi siingii kwenye hoja kama mafuta yanaponya au hayaponyi. Naingia kwenye hoja ya mlango. Umati wa maelfu ukielekezwa kupita mahali pamoja, swali la kwanza ni: watapita wangapi kwa wakati mmoja, na wakianguka nani atawainua? Hilo si swali la kiroho, ni swali ambalo mgambo wa uwanja wa mpira analijua. Lakini katika utamaduni ambapo kila tahadhari inasikika kama upungufu wa imani, nani atanyanyua mkono amwambie mtume, "Baba, subiri kwanza, milango haitoshi"? Anayeinua mkono anaambiwa ana roho ya woga. Asiyeinua anazika.

Twende kwenye fedha. Mwishoni mwa mwaka 2017 Askofu Zachary Kakobe wa Full Gospel Bible Fellowship alitamba madhabahuni kwamba ana fedha kuliko Serikali. Mamlaka ya Mapato ikaingia kazini. Februari 2018 Kamishna Mkuu wa TRA wa wakati huo, Charles Kichere, akatangaza matokeo: askofu mwenyewe hana akaunti binafsi benki, bali akaunti ni za kanisa, na zina zaidi ya shilingi bilioni 8. Watu wengi walicheka jinsi majigambo yalivyoishia. Mimi sikucheka. Nilijiuliza: waumini waliotoa hizo bilioni 8, wangapi walikuwa wanajua zipo bilioni 8? Hesabu ya sadaka yao waliisoma gazetini, kwa hisani ya mtoza kodi. Kanisa likikataa kuulizwa na watoto wake, litaulizwa na TRA, na TRA hawaanzi kwa pongezi.

Na ukitaka kujua mwisho wa njia hii, vuka mpaka. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000. Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, la akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye mashimo katika nyumba za viongozi. Katika kundi lile wafuasi walikatazwa kuzungumza ovyo, wakawa wanawasiliana kwa ishara, eti wasije wakamshuhudia jirani uongo. Fikiria kanisa ambalo watu wazima hawaruhusiwi kusema! Kisha mwisho wa dunia uliotabiriwa kufika na mwaka 2000 haukutokea, na kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, waliokuwa wameuza mali zao wakakabidhi fedha walianza kuzidai. Walianza kuuliza, ila walichelewa.

Shakahola, Kilifi, Kenya, Aprili 2023. Mchungaji Paul Mackenzie anadaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, mashtaka ambayo aliyakana. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watoto. Kabla ya kufika msituni, kulikuwa na miaka ya mafundisho kwamba shule ni ya shetani, na hospitali ni ya shetani. Yaani kila mahali ambapo mtoto angekutana na mtu mwingine wa kumwuliza "umekula leo?", pakapigwa marufuku.

Sisemi kwamba kanisa la turubai la Keko ni Shakahola. Ingekuwa dhambi kusema hivyo. Nasema kwamba hakuna mtu aliyepelekwa Shakahola siku ya kwanza. Siku ya kwanza alifundishwa kwamba kuuliza ni uasi. Mengine yalifuata taratibu.

Na wasomi wenzangu msitabasamu. Najua mnachofikiri, kwamba haya ni mambo ya watu wasiosoma. Mwaka 2011 nilimwona nani kwenye picha za Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile cha shilingi 500? Mawaziri, wabunge, watu wa magari ya Serikali. Shahada haizuii mtu kutouliza. Tunauliza maswali makali darasani, tunamrudisha Waziri wa Fedha kwenye bajeti yake mstari kwa mstari, kisha Jumapili tunaacha akili kwenye gari, tunapandisha kioo, tunafunga.

Wala wa makanisa ya zamani wasikae wakitingisha miguu kwamba haya ni ya walokole. Nyinyi mna katiba, mna sinodi, mna mabaraza, mna wazee wa kanisa wanaohesabu sadaka, na Jumapili tunasomewa kwenye matangazo kiasi kilichopatikana wiki iliyopita. Hongereni, kwa dhati kabisa. Hilo tangazo la sadaka, ambalo watoto hulala likisomwa, lina utakatifu kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Lakini katiba kabatini bila desturi ya kuulizana ni karatasi tu. Januari 2017 Kanisa Anglikana Tanzania lilijikuta gazetini pale Askofu Mkuu Jacob Chimeledya alipomtaka Askofu Valentino Mokiwa wa Dayosisi ya Dar es Salaam ajiuzulu kwa tuhuma kadhaa, zikiwamo za mali za kanisa, na Mokiwa akagoma. Januari 2023 Mchungaji Eliona Kimaro wa KKKT Usharika wa Kijitonyama alipewa likizo ya siku 60, na waumini wakajikuta wamebeba mabango kanisani. Sitaamua nani alikuwa na haki, si kazi yangu. Nauliza tu: muumini wa Kilutheri, mtulivu kama tunavyowajua, anafikaje mahali pa kubeba bango? Anafika pale anapoona hakuna mlango mwingine wa kuulizia.

Wengine mtasema dawa ni Serikali. Kenya, baada ya Shakahola, iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayotaka wahubiri wawe na elimu ya theolojia, na imefunga maelfu ya nyumba za ibada. Kwetu kila kanisa linasajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na linawasilisha katiba. Mimi sitaki kuweka matumaini yangu huko, na nina sababu. Juni 2025 usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa Mbunge wa Kawe, ulifutwa. Sababu haikuwa mlango uliokosekana wala sadaka isiyojulikana ilipo. Alikuwa amekemea utekaji wa watu, na Msajili akasema amechanganya dini na siasa. Novemba mwaka huo huo likaruhusiwa kufunguliwa tena. Umpende Gwajima au usimpende, somo liko wazi: rungu la Serikali linanyanyuka upesi pale Serikali yenyewe inapoguswa. Kwa mama aliyekanyagwa Moshi, rungu lilikuwa jepesi sana. Kwa hiyo tusitegemee rungu. Kanisa lipone kutoka ndani, na likipona kutoka ndani litapata hata ujasiri wa kuiuliza Serikali, maana asiyekubali kuulizwa ana mdomo gani wa kumwuliza mwenzake?

Hapa ndipo ninaporudi Keko, kwenye makochi. Mteja mgeni akija kununua kochi kwetu anaangalia kitambaa. Anakipapasa, anakaa, anadunda mara mbili, analipa. Mteja mjanja analipindua. Anaangalia chini: mbao gani, zimepigwa misumari au zimeunganishwa kwa ndimi, sponji ni jipya au ni vipande vya mabaki. Na fundi wa kweli, nakuhakikishia, hachukii kochi lake kupinduliwa. Tena anakusaidia kulishika. Anayechukia ni yule aliyeweka mbao za maboksi. Mtumishi wa Mungu, sisi tunataka kupindua kochi. Ukitukasirikia tutajua mbao ni zipi.

Sasa nisiwe mtu wa kubomoa tu. Wengi mnaosoma hapa ni viongozi kanisani, msijitoe. Wewe ni kiongozi wa uimbishaji, wewe ni katibu wa vijana, wewe ndiye unayeshughulikia vyombo na kamera kila Jumapili, wewe ni mweka hazina kwa sababu tu unajua Excel. Utamaduni wa kanisa haushuki kutoka mbinguni, na hautoki kwa mchungaji peke yake. Unajengwa na nyinyi, kwa yale mnayoyaruhusu. Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai, na yanaanza hata na kikundi chako cha watu kumi.

Fedha. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, wasiwe mtu na mkewe wala mtu na shemeji yake, ihesabiwe siku ile ile, waandike, wasaini. Kiasi kitangazwe. Wanaotia saini benki wasiwe wa nyumba moja. Kila robo mwaka karatasi moja ibandikwe ukutani: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu hakusafiri na mfuko peke yake, na katika waraka wa pili kwa Wakorintho anaeleza kwa nini: hakutaka mtu apate neno la kulaumu. Kama Paulo alitaka shahidi, wewe ni nani?

Swali. Kuwe na siku inayojulikana ya kuuliza, na aliyeuliza alindwe. Kiongozi, siku ya kwanza ukiulizwa swali linalokuchoma, kanisa zima litakuwa linaangalia uso wako, si jibu lako. Ukisema "asante kwa kuuliza, nitaleta maelezo Jumapili ijayo", na kweli ukayaleta, umefundisha kuliko semina tatu. Ukihubiri Kora na ardhi kupasuka, umefundisha pia. Watakuwa wamekuelewa, na hawatakuuliza tena. Watakusema nyuma, barabarani na kwenye makundi ya simu, kisha utashangaa kwa nini kanisa lina umbea.

Mabinti na watoto. Ushauri wa kiroho usifanyike chumba kimefungwa, watu wawili, saa mbili usiku. Mlango uwe wazi au pawepo mtu wa tatu. Likitokea jambo la mtoto kudhalilishwa, lisimalizwe kwa maombi na vikao vya wazee wakimtetea mtumishi. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, lipo kwa kazi hiyo. Maombi yafanyike huko huko mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuandikisha maelezo.

Wagonjwa. Ombea mgonjwa usiku na mchana, lakini usimwambie aache dawa. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, anayetumia ARV, arudi hospitali athibitishiwe na vipimo. Mungu anayeponya haogopi maabara.

Wanaojitolea. Kijana anayefunga vyombo saa sita usiku na kuvifungua saa kumi na moja alfajiri, mwaka mzima, bila nauli, kisha akikosa Jumapili moja anaambiwa amerudi nyuma kiroho, huyo hatumiki, anatumiwa. Kiongozi mwenye akili anajua nani amechoka kabla hajadondoka. Mpe zamu, mpe nauli, mpe likizo.

Na mwisho, mtu wa kukuuliza wewe. Kila kiongozi awe na watu wenye uwezo wa kumwambia hapana, na awe hawezi kuwafukuza. Si marafiki, si watoto wake wa kiroho aliowalea tangu form two. Mapadri wana askofu wao, wachungaji wa Kilutheri wana sinodi. Wewe mwenye kanisa lako, uliyelianzisha, umeliandikia katiba, mkeo ni katibu na mdogo wako ni mhasibu, siku ukipotea njia nani atakushika mkono? Nimewahi kuzungumza na watumishi wa namna hiyo katika kazi yangu ya uandishi. Ni watu wapweke sana. Wana wafuasi mamia, hawana mtu hata mmoja wa kuwaambia "hapo umekosea, baba". Tunafikiri tunawaheshimu kwa kunyamaza, kumbe tumewatelekeza.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, nayo ni kwamba maswali yanaweza kuwa silaha. Ni kweli. Wapo wanaouliza ili waangushe, ili wao wakalie kiti, au kwa sababu mchungaji si wa kwao. Nimeyaona makanisa yaliyovunjwa na watu wa namna hiyo. Lakini dawa ya swali la hila ni jibu la wazi. Mwenye hila ukimpa risiti amekwisha, hana pa kwenda. Ukimnyima, unampa jeshi, kwa sababu hata watu wema wataanza kujiuliza. Kunyamaza hakujawahi kumaliza uvumi, si kanisani, si bungeni, si kwenye ndoa.

Basi Jumapili hii nakupa kazi ndogo, wewe msomaji mwenye shahada yako. Usianze na bilioni. Uliza kitu kidogo kwa heshima na kwa jina lako, palepale penye watu: sadaka ya wiki iliyopita ilikuwa kiasi gani? Milango ya ukumbi huu wa mkesha ni mingapi? Kisha tulia usikilize, si jibu tu, bali na ukimya utakaofuata. Ukijibiwa vizuri, mshukuru Mungu na ongeza zaka yako, umepata kanisa. Ukihubiriwa Kora, utakuwa umejibiwa pia.

Naomba kuwasilisha.